Asiyekubali Kushindwa

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kwenye jujitsu ya Kibrazili hakikuwa kupiga mtu wala kumwangusha. Kilikuwa kugonga. Unagonga mara mbili au tatu kwa kiganja, kwenye mwili wa mwenzako ili akusikie, au kwenye mkeka ili refa aone. Mikono ikiwa imebanwa, unagonga kwa mguu. Mguu nao ukiwa umebanwa, unasema kwa mdomo. Maana yake ni moja tu: nimeshindwa, achia. Na mwenzako anaachia papo hapo, hata kama alikuwa amekukaba mpaka macho yamekutoka. Mnapeana mikono, mnaanza upya. Jioni moja unaweza kugonga mara kumi na tano. Miezi yangu mitatu ya mwanzo niligonga sana hadi nikawa naota nagonga.

Nilianza nikiwa na miaka 33. Sababu hazikuwa za kishujaa: mgongo ulikuwa unaniuma kwa kukaa kwenye kiti cha chumba cha habari saa kumi kwa siku, na rafiki yangu mmoja alitaka kwenda lakini hakutaka kwenda peke yake. Yeye aliacha baada ya wiki mbili. Mimi nikabaki. Tunafanyia mazoezi kwenye chumba cha ghorofani hapa Dar es Salaam, feni tatu, mbili ndizo zinazozunguka, mikeka ya sponji imeunganishwa meno kwa meno, na masika yakifika kimono hakikauki hata ukianike siku tatu. Wanawake tuko wanne. Siku nyingine wawili.

Mama yangu nilipomweleza ninachokwenda kufanya huko, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo mwanangu unatoa hela yako ili ukabwe roba?" Kwa mtu wa Dar swali hilo ni la haki kabisa. Kabali kwetu si neno la michezo. Kabali ni ya vibaka, ya kichochoro cha saa tatu usiku, unashikwa shingo kwa nyuma na unaamka huna simu. Nilijaribu kumweleza kwamba tofauti ni kugonga, kwamba ukigonga mtu anaachia. Mama akasema, "Na asipoachia?" Nikacheka. Mwaka mzima baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameuliza swali zuri kwa upande mmoja tu. Upande wa pili ni huu: na wewe usipogonga?

Ninalotaka kusimulia lilitokea Nairobi, Jumamosi moja yenye baridi, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Nilikuwa na miezi tisa ya mazoezi na mkanda mweupe wenye milia miwili, yaani hakuna kitu. Kocha alisema twende, mashindano ni madogo, kuna daraja la wanaoanza, utajifunza. Tukapanda basi alfajiri, tukapita Namanga usiku, tukafika hatujalala vizuri. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mimi mapafu yangu ni ya Kinondoni. Kupanda tu ngazi za ukumbi nilihema.

Wanawake wa mkanda mweupe wa uzito wangu tulikuwa watatu. Waandaaji wakasema kila mmoja apigane na kila mmoja, dakika tano kwa pambano. Tulipimwa tukiwa tumevaa kimono, tukasubiri. Kuhusu kusubiri sina la maana la kusema zaidi ya kwamba nilikwenda chooni mara nne.

Pambano la kwanza lilikwisha kabla sijakumbuka jina langu. Yule mama (alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, mtulivu kama mtu anayechambua mchele) alinivuta chini, akanizunguka, akafika mgongoni, na nikausikia mkono wake ukipita chini ya kidevu. Nikagonga. Niligonga haraka. Haraka mno, kama alivyokuja kuniambia kocha pembeni: "Mbona umegonga mapema? Ile kabali ilikuwa haijaingia." Hakuisema kwa ubaya. Lakini ilinichoma. Nilikaa kwenye benchi najiuliza kama niligonga kwa sababu nilikuwa nakabwa au kwa sababu nilikuwa naogopa kukabwa, na nikaapa, kimoyomoyo, kwamba safari ya pili sigongi.

Angalia jinsi kiapo kile kilivyozaliwa. Hakikuzaliwa na ujasiri. Kilizaliwa na aibu ya dakika ishirini.

Wa pili alikuwa binti wa Nairobi, mwembamba, nadhani miaka 25 au 26, nywele zimesukwa zikabana kichwani. Alinizidi kila kitu. Aliniangusha, pointi mbili. Akaipita miguu yangu, pointi tatu. Akaukamata mkono wangu wa kulia, akazungusha mguu mmoja juu ya uso wangu, akalala chali na mkono wangu ukiwa katikati ya mapaja yake, dole gumba likitazama dari. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona: hapo kiwiko chako kimekaa juu ya nyonga za mtu, na yeye akiinua nyonga, kiwiko kinakwenda upande ambao Mungu hakukiumba kiende. Hakuna nguvu inayohitajika. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukuvunja.

Aliinua taratibu. Nikasikia ule mvutano, kisha maumivu, kisha kitu cha tatu ambacho si maumivu, ni kama waya unaoanza kukatika uzi mmoja mmoja. Sikugonga. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, umelala pale kwenye paja lake, ungeweza kugonga wakati wowote. Sikugonga. Kanuni za mchezo zinasema hata ukipiga kelele ya maumivu inahesabiwa umesalimu amri, na hilo nilikuwa nimelisoma. Kwa hiyo niliuma kola ya kimono changu nisipige kelele.

Refa alikuwa upande wa pili, mguu wake umemziba asione mkono. Refa anaruhusiwa kusimamisha akiona mtu anaelekea kuumia vibaya, ila lazima aone. Binti akasema kwa sauti ya chini, "Gonga." Halafu tena, "Gonga, dadangu, mkono inaenda." Nikaangalia dari. Akageuza shingo kumtafuta refa. Na baada ya hapo, nalikumbuka vizuri kuliko kitu chochote cha siku ile, nyonga zake zikashuka. Kidogo tu. Aliachia.

Nikachomoa mkono. Nikasimama, nikamwangukia kwa juu, nikaipita miguu yake kwa sababu alikuwa bado anahangaika na kilichotokea, pointi tatu, nikapanda kifuani, pointi nne, na nikakaa pale nikiwa nimemlalia na mkono mmoja mpaka kengele ilipolia. Saba kwa tano. Refa akaunyanyua mkono wangu. Akaunyanyua ule ule wa kulia, na ndipo nilipopiga kelele.

Yule mama mtulivu alimshinda naye. Kwa hiyo mimi nikapata medali ya fedha, binti akapata ya shaba. Watu wangu walinipigia makofi sana. Video ilikwenda kwenye kundi la WhatsApp la jimu yetu kabla hatujatoka ukumbini, na maandishi chini yake: *Chuma! Hagongi huyu!*

Alinifuata pale nilipokuwa nimekaa na barafu kwenye mfuko wa plastiki. Akakaa chini kando yangu.

"Mkono iko aje?"

Nikamwambia iko sawa. Akauangalia, akaona haiko sawa.

"Kwa nini hukugonga?"

"Nilidhani nitatoka."

"Ungetoka na nini?" Kisha, baada ya muda: "Wewe unafanya kazi gani?"

Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari. Akatikisa kichwa. Yeye ni msusi, akaniambia, anasuka watu nywele, na kama angekuwa ni yeye chini na mkono umekwenda, angekaa miezi mitatu bila shilingi. Halafu akasema maneno ambayo nimekuwa nayo tangu siku hiyo: "Ulinipea kazi haikuwa yangu."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia asante, na pole. Tukabadilishana namba.

Tuna methali ambayo kila mwalimu wa michezo anaijua: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeisikia tangu shule ya msingi, na kila mara ilisemwa baada ya mchezo, kwa timu iliyofungwa, kuifariji au kuinyamazisha isimtukane refa. Niliichukulia kama adabu ya mtu aliyekwisha kushindwa. Kwenye basi la kurudi, mkono umefungwa kwa kanga, niliisoma upya, na ikawa haizungumzii adabu ya baadaye hata kidogo. Inaeleza mshindani ni nani. Kushindana na mtu kunawezekana tu kama kukubali kushindwa kumo ndani ya mchezo wenyewe, kuanzia sekunde ya kwanza. Asiyekubali, kile anachofanya kina jina jingine.

Na si methali tu, ndivyo mchezo wenyewe ulivyojengwa. Jigoro Kano alipoanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alizichukua mbinu za kale za kuua na kuvunja, akazipunguza mpaka watu waweze kuzifanyia mazoezi kwa nguvu zote bila kuuana. Mwanafunzi wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na kijana aitwaye Carlos Gracie akajifunza kutoka kwake huko Belém, mengine yanajulikana. Kinachonivutia mimi ni kwamba nguvu zote zile zinawezekana kwa sababu ya kiganja kinachogonga. Ngumi huwezi kuipiga kwa nguvu zote mazoezini kila jioni, utabaki huna wenzako. Kabali unaweza, kwa sababu mwenzako ana neno la kukusimamisha na wewe umeahidi kulisikia. Kano aliita moja ya misingi yake miwili ustawi wa pamoja, mimi na wewe. Nilipokuwa nauma kola, nilikuwa nimeuvunja ule wa pamoja, na kuacha nusu yote mikononi mwa mtu mwingine.

Lakini nisijihukumu haraka, maana kuna upande wa pili na una watu wakubwa.

Mwaka 564 KK, kule Olimpia, mpiganaji mmoja wa pankrationi aitwaye Arrhichion wa Phigalia alikabwa shingo na mpinzani wake akiwa amembana kwa miguu. Hakusalimu amri. Akakishika kidole cha mguu cha mpinzani, akakivunja. Kwa maumivu yale mpinzani akasalimu amri, na wakati huo huo Arrhichion akafa kwa kukabwa. Waamuzi waliivisha maiti taji. Pausanias ndiye aliyetuachia habari hiyo, na nakumbuka chuoni tuliisoma kwa kucheka, kisha mwalimu akauliza nani kashinda, na darasa zima likasema Arrhichion.

Na kuna Hélio Gracie, mdogo wake Carlos. Mwaka 1951, ndani ya Maracanã, alipambana na Masahiko Kimura wa Japani, mtu mzito kuliko yeye kwa kilo nyingi na bingwa wa judo. Kimura alimshika mkono kwa mbinu ya kuuzungusha nyuma. Hélio hakugonga. Mkono ukavunjika, hakugonga. Carlos ndiye aliyesimamisha pambano kwa ajili yake. Familia ile ikaiita mbinu hiyo Kimura mpaka leo, kwa heshima, na kila jimu duniani inasimulia kisa hiki kama kisa cha ujasiri. Nami nilikisimulia. Sikuwahi kugundua kwamba ndani ya kisa hicho kuna mtu aliyegonga: ni Carlos. Kushindwa kule kulibebwa. Kulibebwa na kaka.

Plato ana mazungumzo mafupi yanayoitwa Laches, na siku hizi nayapenda kuliko yale marefu, kwa sababu yanaanza na wazazi wawili wanaouliza swali la mzazi yeyote: vijana wetu tuwapeleke wakajifunze kupigana au tusiwapeleke? Wanawauliza majenerali, majenerali hawakubaliani, Socrates anaingizwa, na yeye kama kawaida yake anarudisha swali nyuma: kwanza mnajua ujasiri ni nini? Laches, jenerali, anaona ni swali rahisi. Jasiri ni yule anayekaa mahali pake na hakimbii. Socrates anamwonyesha wapo wanaopigana vizuri kwa kurudi nyuma. Basi Laches anajaribu tena: ujasiri ni uvumilivu wa roho. Na Socrates anauliza, uvumilivu wowote? Hata wa kipumbavu? Mtu anayevumilia bila kujua anachokifanya, ni jasiri kuliko yule anayejua? Laches anakwama. Mazungumzo yanaisha hawajapata jibu, wanakubaliana tu kwamba hata wao wazee warudi shule.

Nilipoyasoma tena kwa mkono wa kushoto, neno lililonisimamisha ni uvumilivu. Kwa sababu mimi ni mwanamke wa Tanzania na neno hilo nimekuwa nikilishwa tangu nijue kula.

Nendeni kwenye kitchen party yoyote. Bibi harusi ameketi kwenye kiti kilichopambwa, anasimama somo, anasimama shangazi, anasimama jirani wa mama, na katikati ya mafundisho yote ya usafi na ya chumbani kuna neno moja linalorudi kama kiitikio: vumilia. Ndoa ni uvumilivu mwanangu. Mvumilivu hula mbivu. Hakuna anayesema avumilie nini. Hakuna anayetaja pale ambapo kiwiko kinafika mwisho. Nilikuwa na rafiki, sitasema zaidi ya hapo, aliyevumilia miaka sita, na sisi marafiki zake tulikuwa kama wale watu wangu wa Nairobi pembeni mwa mkeka, tukipiga kelele *kaza*. Siku alipoondoka, watu walisema ndoa imemshinda.

Hebu tuitazame kauli hiyo, kwa kuwa hapa tunapenda maneno. Kiswahili kina njia nyepesi sana ya kukiri kushindwa. Chakula kimenishinda, tunasema, na tunasukuma sahani. Hesabu imenishinda. Kiatu kimenishinda, kinabana. Kitu ndicho kinachofanya kazi katika sentensi. Mimi nimekutana nacho, kikawa kikubwa kuliko mimi, basi, hakuna msiba. Ni kugonga kwa mdomo, na tunagonga hivyo mara kumi kwa siku bila aibu. Kisha neno lile lile tunalibandika kwa mwanamke aliyeokoa shingo yake, na ghafla linakuwa hukumu.

Kwa hiyo naelewa kwa nini, kati ya watu wote, mimi nilitaka kuwa asiyegonga. Nilidhani nakataa kuwa mnyonge. Ajabu ni kwamba nilichofanya pale chini ndicho hasa nilichofundishwa na mashangazi: niliuma nguo nisipige kelele.

Kocha wangu haoni hivi. Tulibishana naye karibu saa nzima, tumekaa kwenye ngazi baada ya mazoezi, na hoja yake si ya kupuuza. Anasema kosa ni la binti. Mashindano ni mashindano. Wewe ni mtu mzima, ulijua kanuni, mkono ni wako, na ukiamua kuuweka rehani hiyo ni haki yako. Alipoachia alikufanya mtoto. Aliamua badala yako kiasi cha maumivu unachoweza kubeba. Tena, akasema, wapo watu viwiko vyao vinakunjika kama mpira, wangekaa pale dakika nzima wanatabasamu. Yeye alijuaje kwamba wewe si mmoja wao? Ametupa pambano lake kwa kubahatisha.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ilinipa shida siku nyingi, kwa sababu naiamini haki ya mtu juu ya mwili wake, na ninaiandika gazetini. Lakini nadhani inasahau kitu. Haki ya kuvunjwa mkono si haki ninayoweza kuitumia peke yangu. Lazima apatikane mvunjaji. Nikiamua kutogonga siamui juu ya kiwiko changu tu, naamua kwamba yule binti leo arudi nyumbani kwake akiwa mtu aliyemvunja mtu, au arudi akiwa ameshindwa. Milango yote miwili nimemfungulia mimi, na mimi mwenyewe nimekaa pembeni nikijiita jasiri.

Kuhusu kubahatisha, kocha ana haki, ila aliyemlazimisha kubahatisha ni nani? Kati ya wawili wale, mmoja tu alikuwa anajua kiwiko kinasema nini. Wenzangu wa kazi hii wataelewa: kunyamaza kwa mtu anayejua ni taarifa. Mchezo una alama moja ya kusema *inatosha*, na mwenye kuinyima mkono wake wakati inatosha anasema *bado niko salama*. Nilikuwa siko salama. Niliuongopea mwili wa mtu kwa mwili wangu, na nikapewa pointi saba.

Niliposema hivyo kwa sauti, kocha akanitazama akasema, "Sasa na wewe umezidi." Labda. Lakini kuna kitu sikumwambia.

Miaka minne nyuma niliandika habari juu ya mtu mmoja, mfanyabiashara mdogo, na nikakosea jambo la msingi. Gazeti silitaji, na kosa halikuwa la gazeti, lilikuwa langu. Nilisoma hati vibaya. Alinipigia simu. Alikuwa na nyaraka, alikuwa na haki, alikuwa ameushika mkono wangu barabara. Angeweza kwenda Baraza la Habari, angeweza kwenda mahakamani. Nilimjibu kwa maneno ya kiofisi, kwamba tunasimama na habari yetu. Akapiga mara ya pili, sauti yake safari hii ya chini zaidi. Kisha hakupiga tena. Mimi nilihesabu kwamba nimeshinda, na kweli pale ofisini nilipewa sifa ya msimamo. Sijui kwa nini aliacha. Labda alichoka, labda aliona mimi ni kijana, nina mtoto mdogo, na kazi ndiyo hiyo. Nilipokuwa kwenye basi kati ya Namanga na Arusha nilimkumbuka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nikaona aibu ambayo medali haikuwa imenipa. Nimempigia. Namba haipatikani. Nimeandika masahihisho na kuyapeleka kwa mhariri. Miaka minne baadaye, anasema, nani atayaelewa? Bado tunazungumza.

Kiwiko kilichukua wiki tisa. Nilirudi kwenye mkeka na hofu, na sasa nagonga mapema tena, kocha anatikisa kichwa. Sijui kama nagonga kwa hekima au kwa woga, na nimegundua kwamba kwa nje havina tofauti hata kidogo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kwa miezi kadhaa nimekuwa nikicheka bila kujua niko nyumba ipi.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana mpya, mrefu, ana nguvu, ana miezi miwili. Nikamkamata mkono. Mimi, nikiwa nimelala chali, mkono wake katikati ya mapaja yangu, dole gumba linatazama feni. Nikainua taratibu. Akaanza kutetemeka. Nikasema, "Gonga." Akaniangalia, nikaiona ile sura, naijua ile sura kutoka ndani. Nikasema tena. Hakugonga. Kiwiko chake kilikuwa kinanisemesha kupitia nyonga zangu, wazi kabisa kama mtu anayeongea.

Nikaachia. Akachomoka, akasimama, akanyanyua mikono juu, wenzake wakashangilia.

Siku zote nilikuwa nimefikiria kwamba yule binti wa Nairobi aliniachia kwa wema, kwa upole wa aina ambayo mimi sina. Nilikuwa nimemweka mahali pa juu. Kumbe sikuwahi kujiuliza alijisikiaje. Nilipokuwa nimekaa pale kwenye mkeka, kijana anashangilia, kilichokuwa kifuani mwangu hakikuwa wema. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yamepata moto.

Usiku ule nikamwandikia. Nilimuuliza swali moja tu: siku ile ulipoachia, ulikasirika?

Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha ujumbe ukaingia, saa nne asubuhi, nadhani kati ya mteja na mteja.

"Sana," ameandika. Na chini yake: "Mkono iko aje?"